Vyoo vya Soko na Upande wa Kibla

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuchora vyoo. Watu wakisikia nilisomea ujenzi hufikiria madaraja na maghorofa, na mimi huwaacha wafikiri hivyo kwa dakika mbili tatu kabla sijaona aibu na kusema ukweli.

Nilikuwa nimekaa nyumbani kwetu Nyamugari, mjini Gitega, kwa miezi mingi nikituma maombi. Kila simu ya namba nisiyoijua ilinifanya nikae kitako kwanza ndipo niipokee. Siku halmashauri ya komini moja ya upande wa Muyinga iliponiita kwenye staji, mafunzo ya kazi ya miezi sita, sikufurahi mara moja. Nilijiuliza kwa nini wamenichagua mimi. Labda wamekosea jina. Labda wengine wote walikataa, na kama walikataa, walijua nini nisichokijua? Mama, aliyekuwa anakunja nguo zake za kuuza, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "We pakia begi. Hayo mengine utayafikiria kule kule, muda iko."

Senta niliyopelekwa, kijimji cha soko, sitaitaja. Ni ndogo, watu wake wanajuana, na wakisoma haya watanicheka upya. Si mbali sana na Gashoho. Wengi wa wakazi wake ni wakulima waliokulia ukimbizini Tanzania wakarudi, na katikati yao kuna familia za Kiislamu zinazouza vitenge, ndala na vyombo. Niliijua tangu utotoni kwa sababu mama mdogo aliolewa huko. Soko ninalolikumbuka mimi lilikuwa uwanja wa matope na mashuka yaliyofungwa kwenye miti. Mvua ikinyesha, akina mama walijilaza juu ya marobota yao yasilowe. Maji yalichotwa bondeni, na kupanda nayo kilima kulikuwa kazi ya nusu asubuhi.

Sasa niliposhuka pale na begi langu, nilidhani nimeshuka pasipo pangu. Palikuwa na paa refu la mabati, chini yake meza za zege zimepangwa kwa safu, na mfereji wa mawe unaopokea maji ya paa na kuyapeleka kwenye kitalu cha miche. Njia ya kutoka barabara kuu hadi kituo cha afya ilikuwa imetandikwa mawe, yamechongwa na kupangwa moja moja na vijana wa pale pale. Mabomba ya maji yalikuwa mahali patatu. Nguzo za taa za jua zilisimama sokoni, na jioni ile nilitoka makusudi kuhakikisha kwamba zinawaka. Zilikuwa zinawaka, hata ile ya mwisho kabisa karibu na machinjio.

Lakini kilichonishinda ni ubao. Nje ya ofisi ya komini kuna ubao mweusi, na juu yake baraza la komini huandika kwa chaki kazi zake katika safu tatu: Imeisha, Inaendelea, Haijaanza. Safu ya tatu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, na hakuna aliyeificha. Mtu aliyetoka shamba na jembe begani aliweza kusimama pale akasoma kwamba darasa la mjukuu wake halijaanza, kisha akaingia ndani kuuliza kwa nini. Nilimwona mmoja akifanya hivyo siku yangu ya pili. Alitoka bado amenuna, lakini alitoka na jibu.

Msimamizi wa komini, mama wa makamo anayetembea haraka kuliko wasaidizi wake, alinikaribisha kwa kunipa kazi.

"Vyoo vya soko," akasema. "Vya zamani vimejaa, harufu iko inafika mpaka kwenye nyama. Chora vipya, milango sita. Mama zetu wanakaa pale toka asubuhi mpaka jioni. Nataka wakae bila taabu."

Niliwaza juu ya vyoo vile wiki mbili nzima. Nilichoma vipande vya karatasi nione moshi unaelekea wapi, ili harufu isirudi sokoni. Nilipima mteremko mara tatu kwa hofu ya chemchemi iliyo chini. Nilimfikiria mtoto mdogo na ukubwa wa tundu, mama mjamzito na upana wa mlango, mzee na ngazi. Zaidi ya yote nilifikiria macho ya watu. Barabara iko kaskazini mwa soko, na sikutaka mwanamke yeyote aonekane akitoka huku anafunga kanga yake. Kwa hiyo milango yote niliielekeza kusini, barabara ikabaki kutazama ukuta mtupu. Hilo lilinipa fahari. Baraza lilipoukubali mchoro, mjumbe mmoja alisema kazi hii imefanywa na mtu aliyewahi kubanwa sokoni, wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikarudi nilipopanga nikijiuliza njia nzima kama ile ilikuwa sifa.

Fundi aliyevijenga alikulia kambini Tanzania na Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kama cha redio. Alifanya kazi haraka na vizuri: kuta za matofali ya kuchoma, rangi nyeupe juu na kijivu chini pasipoonyesha uchafu, tangi la maji na bomba la kunawia mikono. Jumatatu baraza lilikuja kuvipokea. Tulitia saini, wauzaji wakapiga makofi, vyoo vya zamani vikapigiliwa ubao mlangoni. Ikapangwa kuwa Jumamosi, kwenye zile kazi za pamoja ambazo kila nyumba hutoa mtu na jembe, vile vya zamani vibomolewe na mashimo yafukiwe. Pale nje ya ofisi, vyoo vya soko vikaandikwa chini ya Imeisha. Nililipiga picha neno lile nikamtumia mama.

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge ambaye tangu nifike alinichukua kama mtoto wake. Kila asubuhi alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akajimiminia na yeye, tukanywa huku akinisimulia maradhi yake. Alikuwa na goti baya, na mganga wa kituo cha afya alikuwa amemwambia figo zake si nzuri, anywe maji mengi kila siku. Jumanne alinimiminia mimi tu. Jumatano vilevile. Nilianza kuhesabu makosa yangu. Labda nimekunywa sana chai ya watu. Labda nilisema neno. Ndipo nikaona midomo yake imekauka hadi kupasuka.

"Mama, mbona hunywi?"

"Leo sina hamu."

"Na jana?"

"Jana pia."

"Lakini mganga alisema unywe."

"Alisema, ndiyo. Nikinywa, nitaenda wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole vyoo vyangu vyeupe, vinavyong'aa kwa jua la asubuhi. Alivitazama, akanitazama mimi.

"We iko mtoto wa wapi, kweli?"

"Gitega, mama. Nyamugari."

"Nyamugari kwa Waislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwenu munaswali?"

"Tunaswali."

"Na hiki kitu, ni we mwenyewe ulichora?"

"Ni mimi."

Alishika kifua akacheka mpaka muuza ndala wa meza ya pili akageuka. "Mtoto wa Nyamugari! Alors, simama hapo. Nionyeshe kibla."

Niliinua mkono bila kufikiri: kaskazini, ukiinama kidogo mashariki. Mkono ulipita juu ya ukuta mweupe, juu ya barabara, ukabaki hewani. Sikuweza kuushusha.

Kwa asiyekulia nyumba kama yetu, nieleze. Mtu akienda haja haelekei kibla, upande tunaouelekea tukiswali, wala hakipi mgongo. Ni adabu ya mwanzo kabisa, hufundishwa mtoto pamoja na kunawa. Nilisoma sekondari Mushasha, katikati ya masista na misalaba, na miaka yote ile sikuisahau hata siku moja. Na sasa nilikuwa nimechora milango sita ambayo, kwa jinsi tundu na pa kukanyagia vilivyolala, mtu akichutama ndani yake, ama anatazama barabara, na hapo ameelekea kibla, ama anatazama mlango, na hapo amekipa mgongo. Nilikumbuka upepo, chemchemi, ngazi na macho ya wapita njia. Hili nililofundishwa kabla ya yote halikunijia.

"Wako mashehe wanaosema ndani ya kuta hakuna neno," nilisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mi pia nimesikia. Jumatatu niliingia, nikajiambia hivyo hivyo, nikasimama mule, nikatoka. Siwezi, mwanangu. Nimezeeka nikifanya hivi."

"Na wengine?"

"Safu yetu yote. Wenye nyumba karibu wanakimbia nyumbani. Mi kwangu ni mbali, na goti hili unalijua. Bora nisinywe."

"Kwa nini hamkusema Jumatatu?"

Akanishangaa. "Tuseme nini? Mtu amekujengea kitu kizuri hivi, iko na rangi, iko na bomba, halafu umwambie imegeuka? Ni aibu! Tulipiga makofi, si ulituona?"

Niliwaona. Makofi yale niliyaweka hata kwenye ripoti yangu.

Kufikia saa sita nilikuwa nimeipima hali ile kila upande. Nikisema, watadai nimeileta dini yangu kazini. Watasema baraza limefanya kazi mbaya, baraza ambalo katika maisha yangu mafupi sijaona jingine linalojitahidi hivyo. Staji yangu itakufa katika mwezi wake wa tatu. Nikinyamaza, Jumamosi vya zamani vitafukiwa, na yule mama atakaa na kiu kila siku ya soko, na figo zake zile. Nilimpigia mama yangu simu kule Gitega, nikamweleza yote.

"Nilikufundisha jambo hilo hujaanza hata kuvaa chupi," akasema.

"Najua, mama. Wataniondoa."

"Wakikuondoa, chumba chako iko hapa. Yule mama iko na figo ngapi za kuchezea?" Kisha, kwa sauti nyingine: "Anza na fundi. Usimruke ukaenda kwa mkubwa. Utakuwa umemchongea mtu wa watu."

Alhamisi asubuhi nilimkuta fundi anachekecha mchanga kwa ajili ya ukuta wa kituo cha afya.

"Injinia, mbona uso huo? Nani kafiwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku anajikuna shingo, asicheke, asikasirike, jambo lililonitisha zaidi.

"Kwa hiyo choo chenyewe hakina kosa," akasema. "Kosa ni upande anaotazama mtu."

"Ndiyo."

"Basi tumgeuze mtu."

Nilifikiri ananidhihaki. Alichukua mtaimbo, tukaenda mpaka mlango wa kwanza, akauchomeka pembeni mwa bamba la zege lenye tundu, akaukandamiza. Bamba likainuka kama kifuniko cha sanduku. Mchoro wangu ulisema wazi kwamba bamba na sakafu vimwagwe pamoja, kitu kimoja. Yeye alikuwa amemwaga kila bamba peke yake, la mraba, pande zote sawa, akalilaza juu ya mchanga na kuziba kingo kwa saruji hafifu.

"Nilijua ungekataa," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza. Kule kambini choo kikijaa tulichimba kingine, bamba tukalibeba begani. Baba yangu alihama na bamba lake mara nne. Ukiligandisha umelitupa. Mimi mpaka leo siwezi kuligandisha, hata mtu akinichorea."

Siku nyingine yoyote ningeugua wiki nzima kwa mchoro wangu kupuuzwa. Siku ile nilitaka kuyabusu mabamba yale yote sita, ila nilijua ni mabamba ya nini.

Bamba likigeuzwa robo mzunguko, mtu angechutama akitazama ukuta wa ubavuni, mashariki au magharibi, na shimo la chini lilikuwa pana vya kutosha. Lakini jengo lilikuwa limepokelewa na komini, na hatukuweza kugusa kitu bila ruhusa. Niliandika barua ya kurasa tatu. Msimamizi alisoma mistari minne ya kwanza, akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Donc, mabamba yanageuka?"

"Yanageuka, mama."

"Inachukua siku ngapi?"

"Fundi anasema leo ayageuze, kesho yakauke."

"Na hizi karatasi nyingine zote zinasema nini?"

"Zinaomba radhi, mama."

"Hizo rudi nazo." Alinirudishia mbili, akabaki na moja. Kisha akachezea kalamu. "Kinachoniuma si vyoo. Jumatatu nilisimama mbele yao nikauliza, kuna mwenye neno? Wakapiga makofi. Mi nikarudi kwangu na furaha yangu."

Nilisubiri hasira. Badala yake alisimama, akatoka nje, mimi nyuma yake. Watu walikuwepo, wengine wanasubiri vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Mbele yao wote alifuta kwa kiganja maneno Vyoo vya soko kutoka safu ya kwanza, akayaandika katika safu ya Inaendelea, akajipangusa chaki kwenye kitenge chake. Baba mmoja akauliza, "Mama, si mulimaliza hivyo?" Akamjibu, "Tulikosea kitu, tunakirekebisha." Akarudi ndani. Nimewasikia viongozi wakisema mambo mengi makubwa. Sijui ni wangapi wangesema maneno yale machache saa tano ya asubuhi, mbele ya foleni.

Mlangoni alinigeukia. "Na Jumamosi we ndiye utawaeleza."

"Mimi?"

"Mi ni Mkristo. Nitasema vibaya."

Jumamosi walikuja na majembe, koleo na mashoka. Tulizibua mfereji kwanza, kisha msimamizi akawakusanya mbele ya vyoo na kunisukuma mbele kwa bega. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakaniruka. Nikasema tu kwamba nilichora mimi, kwamba nilisahau adabu niliyofunzwa nyumbani, kwamba ndugu zetu Waislamu hawakuweza kuvitumia na kwa heshima wakanyamaza, na kwamba fundi ameyageuza mabamba. Sauti yangu ilitetemeka mpaka kwenye neno mabamba, kisha ikatulia, sijui kwa nini pale.

Mkulima mmoja mrefu akainua jembe lake. "Injinia, na sisi Wakristo tutazame wapi?"

"Tazama tundu, baba!" mwanamke mmoja wa safu ya vitenge akamjibu kutoka nyuma. "Huko ndiko munakosea kila siku!"

Walicheka hadi wengine wakakalia majembe yao. Vijana walikuwa tayari wameshika mashoka kuelekea vyoo vya zamani, lakini msimamizi akawazuia. "Ngojeni. Mama aingie kwanza aone. Akikataa, hakuna kinachobomolewa leo."

Muuza vitenge alichukua kopo la maji, akaenda polepole na goti lake, akafunga mlango. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakizungumzia maharage kwa bidii ile. Fundi alikuwa anachunguza kucha zake. Mimi nilikuwa nahesabu, na sikumbuki nilifika ngapi. Alipotoka alinawa mikono, akaikung'uta, akatutazama.

"Iko sawa," akasema.

Makofi yakaanza. Akainua kiganja kuyakatiza.

"Iko sawa, lakini komeo la ndani mumeliweka juu sana. Mi iko na kopo mkono huu, goti linauma, nijinyooshe mpaka kule? Hapana."

Nadhani kila mmoja alikuwa anangoja kuona uso wa msimamizi. Yeye alitoa daftari kwenye mkoba wake. "Komeo liko juu," akarudia, akaandika. "Mwingine?"

Muuza nyama akasema bomba la kunawia linadondoka usiku kucha na kufanya matope kwenye meza yake. Msichana mwenye mtoto mgongoni akasema mabomba matatu ya senta yanafunguliwa saa ambayo wao wako shamba. Yule mkulima mrefu akasema kwenye njia ya kituo cha afya kuna jiwe limelegea, mkewe amelikwaa mara mbili. Msimamizi aliandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika. Hakujitetea hata mara moja. Mara moja tu aliuliza, "Hilo jiwe, kabla ya mti au baada ya mti?" Mkulima akafikiri vizuri, akasema baada ya mti.

Vijana walichoka kusubiri wakaenda na mashoka yao. Mimi nilimfuata muuza vitenge mpaka mlangoni, nikamwomba anionyeshe komeo lishuke mpaka wapi. Alisimama ndani na goti lake lile, kopo mkononi, akaweka kiganja kwenye mbao. Nikapiga alama ya chaki chini ya vidole vyake, na nyuma yetu ukuta wa kwanza wa vyoo vya zamani ukaanguka.